Sura ya Sita: Maji Kwanza, Kilele Baadaye

Chukua mlima uliotengenezwa kwa kompyuta na mtu anayeanza kazi hii, kisha uupindue juu chini. Programu nyingi za kutengeneza sura ya nchi zina kitufe cha kufanya hivyo: vilele vinageuka mashimo, mabonde yanageuka migongo. Kama baada ya kupinduliwa bado unaonekana mlima uleule na huoni kilichoharibika, basi tangu mwanzo hapakuwa na mlima pale. Palikuwa na mabonge.

Mlima wa kweli haupinduliki. Mabonde yake hukutana yakishuka: mawili huwa moja, hilo likapokea la tatu, hadi maji ya upande mzima yatokee mlango mmoja. Miteremko yake huanza kwa ukali huko juu na kulegea kadiri inavyokaribia tambarare, kwa sababu kilichovunjika juu kimekuja kulala chini. Ukiupindua unapata nchi ambayo hakuna mvua ingeweza kuichonga. Macho yetu yamezoea mno nchi iliyochongwa na mvua, ndiyo maana mtazamaji wa sinema husema "hii ya kompyuta" kabla hata hajajua kosa liko wapi.

Hoja ya sura hii ni moja. Mlima unaoaminika haupatikani kwa kuongeza vilele na makali. Unapatikana kwa kuamua umepitia nini. Na katika mengi unayopitia mlima, maji ndiyo fundi mkuu.

Hesabu iliyozaa milima

Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot, mwanahisabati mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alichapisha makala katika jarida la Science akiuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Jibu lake liliudhi na kufurahisha kwa pamoja: inategemea rula yako. Kadiri rula inavyokuwa fupi, ndivyo inavyoingia kwenye vighuba vingi zaidi, na urefu unazidi kukua. Mwaka 1975 maumbo ya aina hiyo, yanayoonyesha ukwaruzo uleule kila unapoyasogelea, aliyapa jina la fraktali. Milima ilikuwa miongoni mwa mifano yake. Jiwe likipigwa picha bila kitu cha kulinganisha, huwezi kuapa kama ni la kushika mkononi au la kupanda kwa kamba.

Loren Carpenter, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya ndege ya Boeing huko Seattle, aliona humo njia ya kupata milima ya kuweka nyuma ya picha za ndege. Mbinu yake inaelezeka kwa maneno machache. Weka pembetatu kubwa. Tafuta katikati ya kila upande, kisha pandisha au shusha nukta hiyo kwa kiasi cha kubahatisha. Sasa una pembetatu nne ndogo. Rudia kwa kila moja, lakini safari hii kiasi cha kupandisha na kushusha kipunguze. Endelea mpaka pembetatu ziwe ndogo kuliko nukta za skrini. Mwaka 1980, katika mkutano wa wataalamu wa michoro ya kompyuta uitwao SIGGRAPH, alionyesha Vol Libre, filamu ya dakika mbili hivi inayoruka juu ya milima iliyopatikana kwa hesabu hiyo. Lucasfilm ikamwajiri, na mwaka 1982 milima yake ikaingia kwenye filamu ya Star Trek II.

Wakati huohuo Ken Perlin, aliyekuwa ameshiriki kazi ya filamu ya Tron, alikuwa amechoshwa na picha za kompyuta zenye nyuso laini kupita kiasi. Alibuni hesabu ya kubahatisha kwa mpangilio: namba zinapanda na kushuka bila kurudia, lakini haziruki ghafla kutoka moja hadi nyingine. Aliichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 ikampatia tuzo ya ufundi ya Oscar. Ukirundika matabaka kadhaa ya hesabu hiyo, kila tabaka likiwa na mawimbi madogo maradufu na kimo cha nusu ya lililotangulia, unapata vilima. Kila mtoto aliyecheza Minecraft amekwisha kutembea juu ya namba za Perlin.

Ila vilima hivyo vina ugonjwa tuliouona mwanzoni: juu na chini ni mamoja. Aliyeushughulikia ugonjwa huu kwa bidii ni Ken Musgrave, mwanafunzi wa Mandelbrot katika Chuo Kikuu cha Yale. Kwanza alizifanya namba zisiwe sawa kila mahali, mabonde yakawa laini na vilele vikawa na mikwaruzo. Kisha mwaka 1989, pamoja na Craig Kolb na Robert Mace, akachapisha njia ya kuinyeshea mvua milima hiyo. Programu nyingi za leo za kazi hii, kuanzia World Machine na Gaea hadi Houdini, zimejengwa juu ya wazo hilo.

Safari ya tone moja

Kwa kompyuta, mlima ni jedwali la namba: kila chumba kina kimo cha sehemu moja ya ardhi. Katika njia mojawapo inayotumika sana, programu huangusha tone la maji kwenye chumba chochote. Tone hutazama vyumba vya jirani na kushuka kuelekea kwenye mteremko mkali zaidi. Uwezo wake wa kubeba udongo unategemea mambo matatu: wingi wa maji, kasi, na ukali wa mteremko. Likiwa na nafasi, hukwangua ardhi na kuongeza mzigo, yaani namba ya chumba kile hupunguzwa kidogo. Likizidiwa, hutua mzigo na namba hupanda. Likifika pasipo mteremko hupoteza kasi, hushusha karibu vyote lilivyobeba, kisha hukauka.

Tone moja halifanyi lolote la kuonekana. Lakini chumba kilichopunguzwa na tone la kwanza kinakuwa chini kidogo kuliko jirani zake, kwa hiyo tone la pili likipita karibu hapo huvutwa humohumo. La tatu vivyo hivyo. Baada ya matone laki kadhaa kuna korongo ambalo hakuna aliyelichora, lenye vijito vinavyoliingilia pembeni kwa mpangilio uleule wa kukutana tuliouzungumzia. Na mdomoni mwa korongo, pale mteremko unapolegea, kuna mashapo yaliyotandaa kwa upana. Mashapo haya ndiyo wanaoanza huyasahau. Wanashughulikia kilele kwa siku nzima, halafu mlima unasimama juu ya tambarare kama uliokatwa kwa msumeno, hauna mguu.

Fundi wa pili ni mporomoko. Mwamba hupata joto mchana na baridi usiku, hupasuka, vipande huanguka. Mahindi yakimiminwa sakafuni hujenga lundo lenye mteremko wake. Ukiongeza debe jingine lundo linapanuka, mteremko unabaki palepale. Kifusi cha mlimani nacho kina mteremko wake, kwa kawaida kati ya digrii 30 na 40. Programu huuliza namba hiyo. Kila panapozidi, inasukuma kifusi chini hadi patulie.

Hapa kuna mtego wa vipimo. Ukubwa wa makorongo ndio unaomwambia mtazamaji ukubwa wa mlima. Ukiachia programu ichonge makorongo machache mapana kutoka kileleni hadi chini, mlima wa kilomita nne utaonekana wa mita nne. Mafundi wenye uzoefu huanza na jedwali dogo lenye vyumba vichache ili kupata mabonde makuu, kisha hukuza jedwali na kunyesha tena, mvua nyepesi zaidi, ili kupata makorongo ndani ya mabonde na mifereji ndani ya makorongo.

Kibo na Mawenzi

Kama unataka kuona muda unavyofanya kazi, Kilimanjaro inatosha kuwa darasa. Kwa kweli ni volkano tatu zilizoegemeana. Shira, iliyo magharibi, ndiyo kongwe. Ilianza zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ikaporomoka, na leo iliyobaki ni tambarare iliyo kwenye mita 3,800 hivi. Mawenzi iliyo mashariki na Kibo iliyo katikati zilianza baadaye, lakini Mawenzi ilizima mapema. Kibo iliendelea kutapika lava kwa muda mrefu, na kila lava mpya ilifunika makovu ya mvua iliyotangulia.

Matokeo yake yanaonekana ukiwa Moshi siku isiyo na mawingu. Kibo, yenye mita 5,895, ni kuba pana lenye mabega laini na kreta juu yake. Mawenzi, yenye mita 5,149, ni meno na magenge, na upande wake wa mashariki umechimbwa makorongo ya kutisha. Wachaga wana hadithi kwamba Mawenzi alizimikiwa moto, akawa haishi kwenda kuomba kaa kwa Kibo, hata Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana ana mapengo. Wanajiolojia hawana mchi katika maelezo yao, lakini kiini cha hadithi wanakubaliana nacho: aliyezimikiwa moto kwanza ndiye aliyeharibika.

Hili linaweza kujaribiwa mezani. Tengeneza koni moja, inakili, kisha koni ya kwanza uinyeshee kidogo na ya pili uinyeshee mara kumi zaidi. Ya kwanza itaanza kufanana na Kibo. Ya pili, hata hivyo, haitakuwa Mawenzi. Itakuwa kilima kilichochakaa, kimeviringika kila upande. Muda peke yake hauzai meno. Mawenzi ina meno kwa sababu mwamba wake si wa aina moja: ndani ya majivu na lava hafifu kulikuwa na mishipa ya mwamba mgumu, iliyoganda ndani ya nyufa ambamo lava ilipanda. Mvua iliondoa kilicho laini na kuacha kigumu kimesimama.

Kwa hiyo kabla ya kunyesha, mpe mlima wako ramani ya ugumu. Ni jedwali jingine tu, lenye namba zinazosema hapa mwamba unakatika upesi, pale haukatiki. Chora mistari michache migumu inayotoka katikati kwenda nje, kisha rudia mvua ileile. Magenge yatajitokeza yenyewe, tena mahali ambapo pana sababu ya kuwapo.

Mlima kutoka angani

Si lazima kuanza na koni. Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliruka kutoka Florida kikiwa na rada mbili, moja ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Kwa siku 11 kilipima vimo vya nchi kavu kutoka digrii 60 kaskazini hadi 56 kusini, yaani takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Data hizo, zinazojulikana kama SRTM, hutolewa bure, na tangu katikati ya muongo uliopita Afrika nayo inapatikana kwa kipimo kamili, namba moja kwa kila mita 30 hivi.

Data zimekatwa vipande vya digrii moja kwa moja, na kila kipande kina jina la pembe yake ya kusini-magharibi. Kilele cha Kibo kimo katika S04E037. Fungua faili hilo na utakuta namba 3,601 kwa 3,601, karibu milioni 13, kila moja ikiwa ni mita kamili juu ya usawa wa bahari. Kuna jambo litakalokushangaza mara moja: mlima umekatwa. Kibo iko kilomita nane tu kusini mwa mstari wa digrii 3, na kipande kinaishia kwenye mstari huo. Miteremko ya chini ya kaskazini, pamoja na tambarare za Amboseli upande wa Kenya, imo katika S03E037. Safu ya mwisho ya kipande kimoja ndiyo safu ya kwanza ya kingine, kwa hiyo kuviunga si kazi ngumu, lakini lazima uviunge kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ukisawazisha mwanga au kimo cha kila kipande peke yake, utapata ngazi katikati ya mlima.

Jambo la pili la kuangalia ni biti. Ukihifadhi mlima kama picha ya kawaida ya kijivu yenye biti 8, una ngazi 256 tu za kimo. Kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo karibu na mita 700, hadi kileleni kuna zaidi ya mita 5,000; zigawe kwa 256 na kila ngazi ni mita 20. Mashamba ya chini yatageuka matuta yaliyonyooka kama yamechimbwa kwa trekta. Hifadhi kwa biti 16, zenye ngazi 65,536, na matatizo hayo yanaisha.

La tatu ni mashimo. Rada haikuona kila genge, na mahali isipopata jibu matoleo ya awali yaliwekewa namba −32,768. Programu isiyoijua alama hiyo itakuchimbia kisima cha kilomita 32. Tafuta toleo lililozibwa.

Ukishapata mlima wa kweli, usiunyeshee mvua nzito. Mvua yake imekwisha kunyesha kwa miaka laki nyingi. Ukiongeza ya kwako unafuta kazi bora kuliko yako. Kinachokosekana ni kile kilicho kidogo kuliko mita 30: mawe, kingo, mifereji ya miguu ya kondoo. Hapo ndipo namba za Perlin zinaporudi, kwa kimo cha mita chache tu, zikielekezwa zaidi kwenye magenge na kupunguzwa kwenye mashapo.

Ukubwa hautokani na kimo

Kutoka Moshi, iliyo kwenye mita 900 hivi, hadi kilele cha Kibo ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na mwinuko wa mita 5,000. Wastani wa mteremko ni chini ya digrii 10. Ukiuona kwa mara ya kwanza kwenye skrini utadhani data zimekosewa, maana mlima uliomo kichwani mwako ni mkali maradufu. Karibu kila mtu hapo huvuta kitufe cha kukuza kimo. Achana nacho. Ukikuza kimo mara mbili, unakuza na mteremko wa kila kifusi, na macho yanajua kifusi hakisimami hivyo.

Ukubwa hutoka kwenye hewa. Kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo hewa na vumbi vilivyo kati yako na kitu hicho vinavyokipunguzia weusi wa vivuli na kukipaka bluu. Weka ukungu kwa vipimo halisi vya kilomita, na mlima utarudi nyuma mahali pake. Kisha shusha kamera. Binadamu huuona mlima akiwa na macho kwenye kimo cha chini ya mita mbili, si akiwa kwenye ndege. Mwisho weka lenzi ndefu: aliye mbali akivuta karibu huuona mlima ukiwa mkubwa kuliko nyumba zilizo mbele yake, kama ulivyo.

Jua nalo usiliache pale programu ilipoliweka. Kilimanjaro iko digrii tatu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu utosini mwaka mzima, vivuli vinajificha, na makorongo yote uliyohangaika nayo yanapotea. Fanya kazi na saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Kumbuka pia kwamba mwezi Juni jua la huko hupita upande wa kaskazini na Desemba hupita kusini, hivyo uso wa mlima unaotazama Moshi hauna mwanga mmoja mwaka mzima.

Msitu na barafu

Kanuni ya kawaida ya kupaka rangi husema: chini kijani, katikati mawe, juu theluji, na theluji isikae kwenye mteremko mkali. Kanuni hiyo itakupa milima ya Alpi. Kilimanjaro ina taratibu zake. Upande wa kusini hupata mvua nyingi kuliko kaskazini, kwa hiyo mkanda wa msitu ni mpana na mnono huko na mwembamba upande wa pili. Chini ya msitu wa kusini kuna vihamba vya migomba na kahawa. Juu ya msitu, kuanzia mita 2,800 hivi, ni vichaka na nyasi zenye miti mikubwa ya senesio, na kuanzia mita 4,000 ni jangwa la mawe, ambamo tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi ni karibu tupu kabisa.

Barafu ya Kibo ndiyo inayovunja kanuni kabisa. Haijatandazwa kwa kufuata kimo. Imebaki vipande, na baadhi vina kuta zilizosimama wima. Tena inategemea mwaka: kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu ilitoweka. Anayetengeneza mandhari ya hadithi ya zama za Wajerumani na anayetengeneza ya leo hawawezi kutumia kofia moja ya barafu. Ichore kwa mkono ukitazama picha za mwaka unaoutaka.

Programu hukusaidia kwenye vilivyobaki, kwa sababu mvua uliyonyesha iliacha ramani. Moja inaonyesha maji yalikopita, nyingine yalikokwangua, nyingine yalikotua mzigo. Zitumie kupaka rangi: panapotua mashapo ndipo penye udongo, na penye udongo ndipo penye mti. Mlima uliopakwa hivyo una mimea mahali ambapo mmea ungeota, hata kama mtazamaji hatajua kamwe kwamba ulifuata ramani.

Kabla ya mlima wa kubuni

Haya yote yanahusu mlima unaojulikana, ila mlima wa kubuni unadai zaidi, maana hauna data ya kukusahihisha. Kabla ya kufungua programu, andika kwenye karatasi majibu ya maswali manne. Mlima huu ulizaliwaje: kwa lava, au kwa ardhi kusukumwa na kukunjika? Mwamba wake mgumu uko wapi? Upepo wenye mvua unatoka upande gani? Na ni nini kilichotokea mwisho: lava mpya, poromoko, au karne nyingi za mvua peke yake?

Kila jibu lina kisanduku chake kwenye programu. La kwanza linakupa umbo la kuanzia, la pili ramani ya ugumu, la tatu upande wa kunyesha zaidi na upande wa kupanda msitu, la nne linakuambia mvua iwe nyingi kiasi gani na isimame lini. Fundi mwenye karatasi hiyo hubadilisha namba kwa sababu anazoweza kuzitaja. Asiye nayo huzungusha vitufe mpaka achoke. Itunze, kwa sababu sura inayofuata inaanza na jibu la tatu: tutapanda miti, na mti wa kwanza hauwezi kuwekwa kabla ya kujua mvua inatoka wapi.